Jina Lililokuwa Kwenye Kadi

Nilikuwa na umri wa miaka 24 nilipomwita baba yangu mkubwa mchawi. Sikumwambia usoni. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki yangu pale steji ya bodaboda, jua la saa nane, muguka shavuni, vijana wenzangu sita au saba wakinisikiliza. Nilisema kwa Kigiriama, kwa sababu neno hilo likitamkwa kwa Kiswahili kwetu halina uzito wake. Nikasema mzee ni mutsai. Siku mbili baadaye, usiku, nyumba yake ikatiwa moto.

Habari hii nimeisimulia kwa mdomo mara nyingi, vikaoni na hata matangani. Kila nikiisimulia hapakosi kijana mmoja wa kunivuta kando baadaye, akanieleza kwamba naye anaye mzee wake anayemwazia hivyo hivyo. Ni kwa ajili ya hao ninaandika.

Kwetu ni Kilifi, upande wa bara, kijiji kilicho ndani ya barabara ya kwenda Ganze. Minazi yetu ni ya kuhesabu, maana kadiri unavyoipa bahari mgongo ndivyo inavyopungua. Mikorosho tunayo, mizee, iliyopandwa na babu zetu wakati kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikuwa kikinunua. Siku hizi kivuli chake kina kazi kuliko korosho zake. Mahindi ni ya kubahatisha mvua. Kijana akimaliza shule ana njia mbili: ashuke Mtwapa au Mombasa kutafuta vibarua, au apate pikipiki.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita. Ndugu yake mkubwa ndiye aliyetulea mimi, dada yangu na mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa mgema. Alfajiri alipanda minazi, mchana akapanda, jioni akapanda tena, kotama kiunoni na kibuyu begani, na kwa pesa ya mnazi ule nikavaa sare mpaka kidato cha nne. Shamba la ukoo lilikuwa ekari 12, na hati ilikuwa na jina lake. Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana. Alikuja mtu wa mjini kutaka ekari nne. Sisi vijana tulikuwa tumeshazigawa pesa vichwani kabla hata bei haijatajwa, mimi nikishaiona pikipiki mpya, binamu zangu wakishaliona duka. Mzee akakataa, wala hakueleza kwa nini. Alisema tu "hapana" akaendelea kunoa kotama yake.

Nataka msomaji alishike hilo la kutoeleza, maana nitalirudia.

Mwaka 2016 mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka Mtwapa, alikokuwa akibeba mawe kwenye ujenzi. Alikuwa na miaka 19. Alikuwa anakohoa, usiku anatoa jasho mpaka mkeka unalowa, na suruali aliyoondoka nayo imembana sasa aliifunga kwa kamba. Tukimuuliza anasema ni vumbi la saruji. Baada ya wiki chache akawa na tabia mpya: kila jioni, jua likikaribia kuzama, huinuka na kwenda kwa baba mkubwa.

Jioni moja nilipita nikiirudisha pikipiki, nikawaona barazani. Mzee alifungua fundo la kitambaa, akatoa kitu, akakitia kwenye kiganja cha mdogo wangu. Akampa maji kwenye kikombe cha bati. Kisha akamwambia afungue mdomo. Mdogo wangu akaufungua wazi kama mtoto, mzee akachungulia ndani. Halafu akauendea ukuta wa nyumba yake, akachora mstari kwa msumari kwenye udongo. Palikuwa na mistari mingine mingi pale.

Nilizima taa ya pikipiki nikasimama gizani. Moyo ulikuwa unanipiga.

Siku mbili tatu baadaye niliamka mapema nikamkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba, ameupa ukuta uso, anajisaidia. Mkojo ulioanguka mchangani ulikuwa wa rangi ya chungwa, ukielekea wekundu. Nilimshika bega nikamuuliza ni nini hicho. Akaniambia, "Niache, kaka." Hakuongeza neno.

Mimi na mjomba tulikwenda kwa mganga. Tulikaa mlangoni muda mrefu tukisubiri zamu, na kijana wake mmoja akatukaribisha vizuri, akatupa maji, akatupa pole, akatuuliza mgonjwa ni nani, anaishi na nani, tumeona nini. Tulipoingia ndani, ramli ikasema ni mtu wa mji huohuo, ana mvi, na anamlisha kijana kitu kwa mkono wake. Tulitetemeka. Ilinichukua zaidi ya mwaka kukumbuka kwamba kila tulichoambiwa ndani tulikuwa tumekisema wenyewe mlangoni.

Tukamhamisha mdogo wangu, tukampeleka kwa mjomba, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na tukampiga marufuku kukanyaga kwa baba mkubwa. Nilimpakia mimi. Njiani aliniambia, "Kaka, nirudishe, kuna kitu sijamaliza." Nikadhani ni ule uchawi unaomwita. Nikaongeza mwendo.

Huko kwa mjomba alipewa mizizi, akafukizwa, akachanjwa. Alikuwa ameanza kunawiri kidogo kabla hatujamhamisha, na hilo nalo tulilieleza kwa namna yetu, kwamba mchawi humnenepesha mtu kabla ya kummaliza. Baada ya miezi minne alifariki.

Matanga yalikuwa ya vijana, kama yalivyo mengi siku hizi. Muziki usiku kucha, spika kubwa, wazee wamekaa mbali chini ya mwembe hawasemi na mtu. Baba mkubwa alikaa peke yake hata kati ya wazee wenzake. Katika kijiji chetu wakati huo wanaume wengi wa rika lake walikuwa wakipaka piko. Mtu ana miaka 75, ngozi imekunjamana, nywele nyeusi ti kama za kijana wa sekondari, na hakuna aliyeuliza sababu kwa kuwa kila mtu aliijua: kichwa cheupe kilikuwa kinatafutwa. Baba mkubwa alikataa kupaka. Nilimsikia akisema, "Mvi hizi sikuiba kwa mtu."

Siku ya pili ya matanga nilisema lile neno pale steji. Siku ya tatu asubuhi mzee alikuja kwangu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, aliyoikuta imesukumwa chini ya mlango wake. Hakusoma shule. Mtu wake wa kumsomea barua tangu zamani nilikuwa mimi. Ilikuwa na mistari miwili, inampa siku saba aondoke, la sivyo atafuata aliko kijana. Niliutambua mwandiko. Nilimsomea mpaka mwisho bila kusita, nikamrudishia. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaniambia, "Ahsante, mwanangu."

Hawakungoja siku saba. Walikuja usiku wa siku ya nne. Mzee aliokoka kwa sababu binti yake alikuwa amemlazimisha alale kwake. Makuti yalishika kwa dakika chache, paa likaporomoka, mbuzi wawili wakafia ndani ya banda. Alfajiri hakuonekana kijijini. Vijana wawili walikamatwa, kisha wakaachiwa kwa kukosa shahidi. Shahidi aliyekosekana ni mimi.

Miezi minane ikapita. Mvua za masika zilipoanza mama alinipa jaketi la marehemu, maana langu lilikuwa limechanika. Nikiwa barabarani nilihisi kitu kigumu upande wa ndani. Kilikuwa kimeshonewa kwa uzi mweusi, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikata uzi kwa meno. Ilikuwa kadi ya zahanati, ya mgonjwa wa kifua kikuu. Jina la mdogo wangu. Tarehe ya kuanza dawa. Na chini, mahali panapoandikwa mtu anayemsimamia mgonjwa amezapo dawa, kwa kalamu ya bluu, jina la baba mkubwa.

Nilipeleka ile kadi zahanati siku hiyohiyo, nguo zikiwa zimelowa. Muuguzi aliikumbuka. Aliniambia dawa za kifua kikuu humezwa kila siku kwa miezi 6, hata mtu akijiona amepona, na kwamba akiziacha katikati ugonjwa hurudi na nguvu. Ndiyo maana wanataka awepo mtu wa nyumbani wa kumwona anameza. Nikamuuliza habari ya mkojo. Akanitazama kwa mshangao kidogo. Akasema ni dawa yenyewe hufanya hivyo, rangi hubadilika, na kila mgonjwa huambiwa siku ya kwanza ili asiogope.

Nilikaa kwenye benchi la zahanati mpaka wakafunga.

Kutoka pale nilipitia kwenye kiwanja cha baba mkubwa. Ukuta mmoja ulikuwa umebaki umesimama. Moto ulikuwa umeuchoma ule udongo ukawa mgumu kama chungu, na mistari ya msumari ilikuwa pale pale, imekaza kuliko ilivyochorwa. Niliihesabu kwa kidole. Ilikuwa 58. Nikatoa kadi nikahesabu siku, kutoka tarehe ya kuanza mpaka siku niliyompakia mdogo wangu kumpeleka kwa mjomba. Zilikuwa 58. Mzee asiyejua kusoma hakukosa hata siku moja. Aliyeikatisha ile hesabu alikuwa mimi, kwa pikipiki yangu, mdogo wangu akiniomba mgongoni nimrudishe.

Baba mkubwa alikuwa Kaya Godoma, huko Ganze, mahali wanapopewa hifadhi wazee wanaotuhumiwa uchawi. Sikuwa nimewahi kufika huko kabla ya siku niliyomfuata. Nilitazamia kuona watu wa kutisha, nikakuta watu wa rika la bibi yangu na babu yangu wamekaa vivulini, mmoja anapalilia, mwingine anachambua kunde, mwingine haoni vizuri anaota jua. Baba mkubwa alikuwa anashona makuti. Nilimsalimu. Aliitikia salamu yote, kama desturi yetu ilivyo, akaniuliza mama ameamkaje, dada ameamkaje, watoto wa dada, mpaka mbwa. Mikono yake haikuacha kazi.

Kisha akaniuliza, "Minazi yangu nani anagema?"

"Hakuna, baba."

Akavuta kuti jingine. "Basi mwaka huu itazaa nazi."

Nilimpa kadi. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaitambua kwa rangi yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliniambia marehemu alimshika mkono akamwapisha, kwamba asimwambie mtu, kwa sababu alikuwa na msichana, na watu wakisikia kifua kikuu husema moja kwa moja ni Ukimwi. Nikamwambia, hata walipokuja kukuchomea nyumba? Ungesema neno moja tu ungejiokoa.

"Alikuwa ameshakufa," akasema. "Ruhusa ningemwomba nani?"

Nikamweleza habari ya steji. Nilimweleza yote, siku, saa, maneno yenyewe, na waliokuwepo. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema alijua. Nilimuuliza alijuaje. Akasema siku ile nilipomsomea karatasi nilisoma haraka mno. "Barua zote ulizonisomea tangu utoto, ukifika neno baya unasimama kwanza. Siku ile hukusimama."

Hakunisamehe siku hiyo, wala mimi sikuwa na uso wa kumwomba. Aliniambia nikirudi nimletee ugoro. Basi nikarudi na ugoro Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine, kwa karibu mwaka mzima. Jumapili za kwanza tulikaa tu. Baadaye akaanza kuniuliza mambo ya pikipiki, inakula mafuta kiasi gani, pikipiki ya mkopo hulipwaje, kwa nini vijana tunalala saa nane za usiku. Aliposikia kwamba pikipiki yangu haikuwa yangu, kwamba nilikuwa natoa shilingi 300 kila siku kwa mwenyewe, nipate nisipate, alishtuka kwelikweli. Miaka minne alikuwa akiniona napita na pikipiki akidhani nina mali na ninamnyima.

Na mimi nikajua kwa nini alikataa kuuza zile ekari nne. Zilikuwa ndizo zenye makaburi ya watu watatu wa ukoo, na kisima cha zamani kilichofukiwa. Alikuwa na nia ya kukifukua. Nikamwambia, baba, kama ungetuambia hivyo tusingegombana. Akafikiri, akasema baba yake naye hakuwahi kumweleza sababu ya jambo lolote. Alimwambia fanya, naye akafanya. Alidhani hivyo ndivyo mzee anavyosema na kijana.

Nimelifikiria sana hilo. Watu wakizungumza habari za wazee kuuawa pwani husema ni ujinga, au ni tamaa ya ardhi, au ni waganga. Vyote ni kweli. Ardhi ipo ndani yake, na sisi tuliitamani. Lakini kwangu palikuwa na jambo la kabla ya hapo. Nilipokuwa mtoto tulikula sinia moja na baba mkubwa, wavulana wote tumemzunguka, na ugali ule ulikuwa na hadithi, maonyo, majina ya watu waliokufa, vichekesho, mpaka siri za nani alimkopa nani ng'ombe. Nilipoanza kupata pesa zangu nikaanza kula kibandani steji. Kwa miaka minne sikujua mzee anawaza nini, na mahali ambapo sikujua nikapajaza kwa hofu. Mtu unayekula naye kila jioni hutahitaji kupiga ramli ili umjue.

Na tuna wazimu mmoja sisi Wagiriama unaoniumiza. Mtu tunayejivunia kuliko wote ni Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913, mjane aliyekwisha kuwa mtu mzima, ndiye aliyewazungukia watu wetu na kuwalisha kiapo wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi. Sanamu yake iko Malindi, tunapiga nayo picha. Kaya zetu, ile misitu yetu mitakatifu, zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na misitu ile haikulindwa na walinzi wenye bunduki, ililindwa na wazee na makatazo yao. Tunaringia kazi ya mikono yao, halafu usiku tunawaandikia karatasi.

Kikao cha kumrudisha baba mkubwa kilifanyika mwaka 2018, chini ya mkwaju, mbele ya naibu wa chifu, wazee wa kijiji, akina mama na vijana wa steji. Naibu wa chifu alituambia jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui: sheria ya uchawi ya Kenya, ambayo ni ya mwaka 1925, inamhesabu mkosaji hata yule anayetangaza mwenzake ni mchawi. Vijana walitazamana. Nikasimama. Nilisema nilichosema pale steji, nikaonyesha kadi, nikawapa waipokezane mkono kwa mkono. Niliwaona wakisoma lile jina chini. Yule aliyeandika karatasi aliishika muda mrefu kuliko wengine. Hakusema kitu siku hiyo. Siku ya pili alifika kwenye kiwanja cha mzee na fito, na wenzake wawili wakamfuata, na hao ndio walioijenga upya ile nyumba, wakatoa na mbuzi wa fidia kama ukoo ulivyoamua.

Lakini sitaki msomaji adhani vijana peke yao ndio waliotubu. Katika kikao kilekile alisimama kijana mmoja, mpole, ambaye hata sikujua kama anaweza kusema mbele za watu. Alimwelekea baba yake mzazi. Akasema, "Baba, mwaka ule uliuza kipande cha juu. Nilikuwa nimekuonyesha kwamba pale ndipo nitakapojenga. Nilitoka kazini Mombasa nikakuta ua wa mtu mwingine. Hukuniambia, na pesa sikuziona. Miaka mitano ninakuita baba kwa mdomo tu." Wazee wakaanza kunung'unika kwamba hiyo si adabu. Nilidhani kikao kitavunjika. Baba yake akanyanyua mkono kuwanyamazisha wenzake. Alikuwa analia, machozi yanaingia ndevuni. Akasema, "Niliona haya. Niliinywea." Kisha akavua kofia.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona mzee wa kwetu akivua kofia mbele ya mwanawe.

Mengine yaliyofuata ni ya kawaida, nitayasema kwa ufupi. Tulikubaliana kwamba mgonjwa apelekwe zahanati kwanza, na mtu mmoja mzima na kijana mmoja wajue anaugua nini, ili siri isimuue. Tulikubaliana mzee asiuze hata hatua moja ya ardhi kabla ya kuwakalisha wanawe chini. Miezi miwili mizima, Jumamosi, wazee walitembea na vijana mipakani, huyu akionyesha mkorosho, yule jiwe, na palipokosa alama tukapanda minyaa. Mwaka huohuo serikali ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, na sisi wa steji tukaamua siku ya malipo tuwabebe bure mpaka kwa wakala wa benki na kuwarudisha. Ukimpakia mzee kilomita 11 za barabara ya vumbi lazima mzungumze. Wengine walikuwa hawajawahi kupanda pikipiki maisha yao yote. Bibi mmoja alinishika kiuno kwa nguvu mpaka nikabaki na alama za kucha, na tulipofika akaniambia nipitie tena njia ndefu.

Kijijini kwetu hakuna mzee aliyeguswa tangu hapo. Sivyo kila mahali. Bado nasikia za huku na kule, na Godoma hapajawa patupu.

Baba mkubwa hapandi tena minazi, magoti yamekataa. Ninagema mimi, asubuhi kabla ya steji na jioni baada yake, naye hukaa chini akinisikiliza kotama inavyokata. Akisikia nimekata nene hupiga kelele kutoka chini kwamba nauchinja mnazi. Kisima tulikifukua. Tunakula sinia moja, watoto wa dada yangu nao wamo.

Mwezi uliopita aliniita kando akanipa noti ya shilingi 200. Alitaka nimletee piko.

Nilimwambia, baba, wewe ulikataa wakati ule wote, na sasa hapa hakuna wa kukugusa. Akasema anakwenda Bamba kumzika shemeji yake, atalala huko siku tatu, na vijana wa Bamba hawamjui.

Nikanunua. Nilikoroga kwenye kifuniko cha kopo, akavua shati, akakaa kwenye kigoda akanipa mgongo. Nilimpaka kwa mswaki wa zamani, kuanzia juu ya paji, shungi kwa shungi. Nywele zake ni laini kuliko nilivyodhani. Nilipofika masikioni nikasita, nikifikiri nimemaliza.

"Na kisogoni, mwanangu," akasema, akainamisha kichwa. "Paka vizuri kisogoni. Wao hujia nyuma."